Silaha Bila Jeraha: Filamu ya RoboCop na Vibonzo vya Watoto

1. Utangulizi

Kuihamisha kazi ya sanaa kutoka kwa hadhira ya watu wazima hadi kwa hadhira ya watoto ni jambo ambalo wahakiki wa fasihi wamelishughulikia kwa muda mrefu. Zohar Shavit, katika uchunguzi wake wa mwaka 1986 kuhusu fasihi ya watoto, anaonyesha jinsi kitabu cha Jonathan Swift kuhusu safari za Gulliver, kilichotolewa mwaka 1726 kikiwa tashtiti kali dhidi ya siasa na maadili ya wakati wake, kilivyopunguzwa na waandishi waliofuata hadi kikawa kisa cha ajabu cha majitu na watu wadogo mno. Kiswahili nacho kilikipokea kitabu hicho kupitia Safari za Gulliver, tafsiri ya Frederick Johnson, katika enzi ambapo tafsiri nyingi za aina hiyo zilikusudiwa shule. Katika upunguzaji wa namna hii matukio hubaki na wahusika hubaki, lakini yule anayesutwa hutoweka.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa uhawilishaji huo katika sanaa ya picha. Mwaka 1987 kampuni ya Orion Pictures ilitoa RoboCop, filamu ya kubuni ya kisayansi iliyoelekezwa na Paul Verhoeven, ambayo ukali wa umwagaji damu wake ulizua mabishano tangu kabla haijaonyeshwa. Mwaka uliofuata, kampuni ya Marvel Productions ilitoa mfululizo wa vibonzo wa vipindi 12 uliotokana na filamu hiyo na kukusudiwa watoto. Jambo hili limezoeleka kuelezwa kama kichekesho cha biashara: kwamba wenye mali hawakuiangalia vizuri filamu yao wenyewe. Maelezo hayo hayatoshi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba vibonzo hivyo havikuuondoa ukatili wa filamu. Viliondoa matokeo ya ukatili pamoja na mwenye dhima, vikaibakiza silaha. Kwa kufanya hivyo viliigeuza kazi ikawa kile kile ambacho filamu ilikuwa ikikikejeli. Swali linalozuka linawahusu wote wanaowaandikia watoto: je, mtoto analindwa dhidi ya nini hasa?

2. Filamu na shabaha ya tashtiti yake

Verhoeven alizaliwa Amsterdam mwaka 1938, na utoto wake ulipitia miaka ambapo Uholanzi ilikuwa chini ya jeshi la Wajerumani. Mswada wa filamu uliandikwa na Edward Neumeier na Michael Miner. Mandhari ni mji wa Detroit wa siku za usoni, ambapo kampuni moja kubwa, OCP, imekabidhiwa kwa mkataba uendeshaji wa idara ya polisi. Kampuni hiyo ina mpango wa kuubomoa mji mkongwe na kujenga mji mpya wa kitajiri mahali pake. Polisi kwa mtazamo wake ni tawi mojawapo la biashara, na uhalifu ni kikwazo cha ujenzi.

Onyesho linaloweka wazi shabaha ya filamu hutokea mapema, katika ukumbi wa mikutano ya wakurugenzi. Mkurugenzi Dick Jones anazindua ED-209, roboti kubwa la kulinda usalama. Kijana mmoja wa ofisini, Kinney, anapewa bastola na kuambiwa amwelekezee roboti huyo. Roboti anaamuru silaha iwekwe chini, Kinney anaitupa, roboti haoni kwamba ameitupa, anaendelea kuhesabu, kisha anammiminia risasi hata baada ya kufa kwake. Mwenyekiti, anayejulikana kwa jina la Mzee tu, anahuzunika hasa kwa sababu ya gharama za kucheleweshwa kwa mradi. Jones naye analiita tukio hilo hitilafu ndogo. Kinaya cha onyesho kimejengwa juu ya uwiano wa vitu viwili: mwili wa Kinney uliochanwachanwa juu ya kielelezo cha mji mpya, na lugha ya kibiashara inayozungumzwa juu yake. Ukiupunguza mwili, lugha ile inapoteza ubaya wake. Verhoeven mwenyewe amepata kueleza kwamba wingi uliopita kiasi wa risasi ndio uliolipa onyesho ucheshi wake mchungu, na kwamba kulikata kulilifanya kuwa zito badala ya kuwa la kukejeli.

Hoja hiyo haikuwashawishi wakadiriaji. Filamu ilipowasilishwa kwa chama cha MPAA nchini Marekani, ilipewa kwanza daraja la X, ikakatwa na kuwasilishwa tena mara kadhaa kabla ya kupewa R, daraja lisilomruhusu aliye chini ya umri wa miaka 17 kuingia bila mzazi au mlezi.

Kifo cha polisi Alex Murphy kimejengwa kwa msingi uo huo. Genge la Clarence Boddicker linampiga risasi kiungo baada ya kiungo, huku likicheka. Onyesho ni refu na gumu kutazama. Lakini urefu huo una kazi katika msuko. Kampuni inapomtwaa Murphy na kumgeuza mashine, mafundi wake wanajadili kama mkono wake uliosalimika uhifadhiwe au uondolewe, na wakubwa wanaamua uondolewe. Mtazamaji aliyeushuhudia mwili ukivunjwa na wahalifu sasa anaushuhudia ukimalizwa na ofisi. Filamu inaviweka vitendo hivyo viwili sambamba na kuuliza tofauti yake ni ipi.

Zaidi ya hayo, ndani ya roboti huyo mna amri ya nne, ya siri, inayomzuia kumkamata afisa yeyote mkuu wa kampuni. Sheria inaweza kumfikia Jones pale tu Mzee anapomfuta kazi mbele ya macho ya wote. Ni kweli kwamba mwisho huo unamwachilia Mzee na kuufanya uovu uonekane kama wa mkurugenzi mmoja, na udhaifu huo wa filamu hauna budi kukubaliwa. Hata hivyo, kinaya kimesalia: haki imetendeka kwa idhini ya mwajiri.

3. Watoto ndani ya filamu

Filamu hii inatazamwa mara nyingi kana kwamba watoto hawamo ndani yake. Wamo, na nafasi yao ni ya msingi kwa mjadala huu. Kati ya matangazo ya biashara ya kubuniwa yanayokatiza msuko, kuna moja la mchezo wa mezani uitwao Nukem, ambapo familia inashindana kwa furaha hadi vita vya nyuklia vinalipuka. Vita vimekuwa kitu cha kuchezea, na kitu cha kuchezea kinauzwa kwa familia kupitia runinga.

La pili ni T.J. Lazer, shujaa wa kipindi cha runinga ambacho mtoto wa Murphy hukipenda. Shujaa huyo huizungusha bastola yake kidoleni kabla ya kuirudisha kwenye ala. Murphy amejifunza ustadi huo ili mtoto wake aone kwamba baba naye ni polisi wa kweli. Tena anakiri mbele ya mwenzake, Anne Lewis, kwamba yeye mwenyewe anaufurahia. Baadaye, Murphy akiwa ameshafanywa mashine na kumbukumbu zake kufutwa, anaizungusha bastola kwa mazoea, na ishara hiyo ndiyo inayomfanya Lewis amtambue. Anaporudi nyumbani kwake anaikuta nyumba tupu. Mke na mtoto wamekwisha kuhama.

Ishara hiyo imebeba maana mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja ni alama ya upendo wa baba kwa mtoto, mabaki ya utu ambayo kampuni haikufaulu kuyafuta. Kwa upande mwingine ni mchezo wa bunduki uliofundishwa na runinga, ambao haukumwokoa Murphy siku alipokutana na bunduki zenyewe. T.J. Lazer haumii wala hafi. Baba aliyemwiga alikufa vibaya. Kwa hiyo filamu ilikuwa imekwisha kueleza, kabla ya kuwepo kwa vibonzo, nini hutokea silaha inapomfikia mtoto ikiwa imesafishwa.

4. Kanuni za runinga ya watoto

Vibonzo vya mwaka 1988 havikubuniwa na mtu mmoja asiyejali. Vilizaliwa ndani ya utaratibu maalumu. Mwaka 1984 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliondoa viwango vilivyokuwa vikidhibiti muda wa matangazo ya biashara katika vipindi vya runinga, vikiwemo vya watoto. Vipindi vilivyotokana na wanasesere wa madukani, ambavyo He-Man ya mwaka 1983 ilikuwa imekwisha kuvifungulia njia, viliongezeka kwa kasi. Mipaka ya muda wa matangazo kwa watoto ilirejeshwa na sheria ya mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo, mtambaji na mwuza wanasesere walifanya kazi bega kwa bega. Kampuni ya Kenner nayo ilitoa mwaka 1988 wanasesere wa RoboCop waliokuwa na fataki za karatasi, ili mtoto ausikie mlio wa risasi.

Wakati huo huo, malalamiko ya wazazi yalikuwa yamezaa desturi za tahadhari miongoni mwa watayarishaji. Watu walipigana kwa miale ya leza badala ya risasi. Katika G.I. Joe, ndege zilitunguliwa lakini marubani walionekana wakielea salama kwa miavuli. Maroboti yaliweza kuvunjwavunjwa kwa sababu hayana damu. Desturi hizi ziliwapa watayarishaji ruhusa ya kuonyesha vita visivyo na maiti.

RoboCop haikuwa ya kwanza kupitia njia hiyo. Riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 kuhusu Rambo ilihusu askari aliyeharibiwa na vita vya Vietnam akarudi kwao na kuvileta vita mlangoni mwa mji mdogo, mwishoni anakufa. Filamu ya mwaka 1982 ilimwacha hai. Mwaka 1986 aligeuzwa shujaa wa vibonzo vyenye vipindi 65, akiongoza kikosi dhidi ya jeshi la waovu liitwalo S.A.V.A.G.E. Hatua hizo tatu zinaonyesha mwelekeo mmoja: kwanza kifo kinaondolewa, kisha sababu ya maumivu, hatimaye anabaki mtu mwenye misuli na silaha, ambaye hatoki vita vyovyote vinavyojulikana.

5. Kilichoondolewa na kilichobaki

Katika vibonzo vya RoboCop, Murphy bado yupo Detroit, Lewis bado ni mwenzake, OCP bado ni mmiliki na Mzee bado ni mwenyekiti. Mtu akiorodhesha majina peke yake anaweza kudhani kwamba uaminifu kwa kazi asilia umedumishwa. Mabadiliko yamefanyika katika uhusiano baina ya majina hayo.

Badiliko la kwanza ni la silaha. Risasi zimekuwa miale ya leza. Mwale huangusha, huzuia na huvunja mashine, lakini hauachi tundu mwilini. Silaha kwa hivyo imepata sifa ambayo haina duniani: nguvu isiyo na gharama. Ni vigumu kudai kwamba mtoto amelindwa dhidi ya ukatili ilhali ameonyeshwa ufyatuaji wa silaha kipindi baada ya kipindi na kufichwa jambo moja tu, yaani kwamba silaha huua.

Badiliko la pili ni la mwenye dhima. Mahali pa wakurugenzi wa filamu amewekwa Daktari McNamara, mwanasayansi mbunifu wa roboti aitwaye ED-260, ambaye hutunga hila na mitambo ya kumwangusha RoboCop ili apate fedha za kampuni. Uovu uliokuwa wa taasisi, uliotendwa na watu waliovaa vizuri na kuzungumza kwa adabu, sasa ni wivu wa mtu mmoja. Kampuni yenyewe imekuwa uwanja ambamo mwema na mwovu hushindana mbele ya Mzee, na Mzee amekuwa mwamuzi. Mtoto anayetazama hana njia ya kuuliza kwa nini polisi wa mji wawe mali ya kampuni, kwa kuwa hali hiyo imekuwa ya kawaida kama barabara na majengo.

Haki inadai isemwe kwamba vibonzo hivi havikukosa nia njema. Luteni Hedgecock, mhusika mdogo katika filamu, amekuzwa hapa kuwa adui wa ndani, afisa anayemchukia RoboCop kwa sababu tu ya kuwa mashine. Kupitia kwake watunzi waligusia ubaguzi, na mara kadhaa Murphy huonekana akitafuta utu wake. Dhamira hizi zina thamani. Hata hivyo, zimekatwa kutoka kwenye shina lake. Katika filamu, Murphy anauliza yeye ni nani kwa sababu kuna watu walioamua, kwa hesabu za faida, kwamba yeye si mtu tena. Katika vibonzo swali hilo limekuwa la hisia tu: wengine hawampendi, naye anahuzunika. Ubaguzi wa Hedgecock unaelezeka bila kuigusa kampuni hata kidogo.

Ukizitazama hasara hizi mbili kwa pamoja, T.J. Lazer anarudi kwa sura ya kutisha. Shujaa wa runinga asiyeumia, polisi wa mchezo ambaye mtoto wa Murphy alimpenda, ndiye hasa aliyetengenezwa na Marvel Productions. Hata leza iliyomo katika jina lake imekuwa silaha ya Murphy. Nukem, tangazo lililokusudiwa kumfanya mtazamaji aone haya, limepata ndugu wa kweli madukani. Filamu ilikejeli jamii inayomgeuza polisi kuwa bidhaa. Vibonzo na wanasesere vilimgeuza kuwa bidhaa, tena bila kejeli.

6. Mfano wa nunda

Inaweza kupingwa kwamba hapakuwa na njia nyingine: mtoto hawezi kuonyeshwa mwili wa Kinney, na tashtiti dhidi ya makampuni haiwezi kueleweka na mwenye umri wa miaka minane. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hii ni sahihi. Hakuna anayedai kwamba watoto waonyeshwe filamu ya Verhoeven. Sehemu ya pili, hata hivyo, inakanushwa na fasihi simulizi ya Waswahili wenyewe.

Katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 mna hadithi ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani anaanza kwa kukamata ndama. Watu wanapolalamika, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anaendelea hadi wanyama wakubwa, kisha hadi watu, na jibu la sultani halibadiliki, mpaka siku mnyama huyo anapowaua wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Mwanawe mdogo anaingia porini kumtafuta, na baada ya kuua wanyama wengi wasiokuwa yeye, hatimaye anamwua nunda mwenyewe.

Hadithi hii husimuliwa mbele ya watoto na watu wazima wakiwa pamoja. Imejaa vifo. Lakini haichukui muda kueleza jinsi nyama ilivyochanwa. Uzito wake umo katika mfululizo wa visingizio vya mwenye mali. Msikilizaji mdogo anaelewa vizuri kabisa kwamba kosa la kwanza lilitendwa na sultani aliyemtetea mnyama wake, kwa kuwa kila malalamiko yanapokuja hasara imeongezeka na jibu limebaki lile lile. Hapa mna roboti aliyeua na mkurugenzi aliyeiita maiti hitilafu, katika umbo linaloweza kubebwa na mtoto. Fasihi simulizi imeiondoa damu bila kukiondoa kifo, na imekibakiza kifo kwa sababu bila hicho dhima ya sultani isingepimika.

Kwa hiyo ugumu wa RoboCop haukuwa katika umri wa hadhira peke yake. Mtambaji wa nunda hana mwanasesere wa kuuza. Anaweza kuliacha tishio likawa tishio. Mtayarishaji wa vibonzo vya mwaka 1988 alihitaji mashine ipendwe, silaha itamaniwe, na kampuni isichukize kupita kiasi, maana kitu kinachotisha hakinunuliwi kwa urahisi.

7. Kifo bila tashtiti

Inafaa kuongeza tahadhari moja, ili isidhaniwe kwamba kurudisha kifo kunatosha. Filamu nyingine ya Verhoeven, Starship Troopers ya mwaka 1997, iliyoandikwa na Neumeier yule yule kutokana na riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1959, nayo ilizaa vibonzo, Roughnecks, vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 1999. Vibonzo hivi vilikuwa vya makini zaidi. Vita ndani yake vinachosha, na askari hufa. Lakini katika filamu, taarifa za habari za serikali ndizo zilizobeba kejeli: zilikuwa propaganda iliyochekelea vita, na mtazamaji alitakiwa kuitilia shaka. Katika Roughnecks, mwandishi wa habari Higgins anafuatana na kikosi na ndiye msimulizi, kijana mwaminifu anayeaminika. Sauti iliyokuwa ya kutiliwa shaka imekuwa sauti ya ukweli. Kifo kimo, na kina huzuni ya kweli, ila hakuna anayeulizwa kwa nini vita vinapiganwa. Mifano hii miwili inakamilishana: RoboCop ya vibonzo ilipoteza jeraha pamoja na mwenye dhima, Roughnecks ililihifadhi jeraha ikampoteza mwenye dhima.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umedhihirisha kwamba kipimo kilichozoeleka cha uhawilishaji kwa watoto, yaani kiasi cha damu kilichopunguzwa, ni kipimo hafifu. Kipimo bora kina maswali mawili: je, kitendo cha ukatili bado kina matokeo kwa anayetendewa? Na je, aliyekisababisha bado anajulikana? Hadithi ya nunda inafaulu katika yote mawili pasipo kumtisha mtoto kupita kiasi. Vibonzo vya RoboCop vinashindwa katika yote mawili huku vikionekana safi.

Suala hili haliishii Detroit. Mwandishi wa Kiswahili anayefupisha riwaya kwa ajili ya shule ya msingi, au anayeugeuza utenzi wa vita kuwa kitabu cha picha, hukabiliwa na uamuzi ule ule. Jambo jepesi ni kuubakiza upanga na kuliondoa kaburi. Mhakiki wa fasihi ya watoto ana wajibu wa kuangalia kilichoachwa baada ya kusafishwa, kwa maana mtoto aliyefichwa jeraha na kukabidhiwa silaha hajalindwa.